Maarifa ya karibuu yana wenyewe

Kaskazini-mashariki mwa jimbo la British Columbia, Kanada, wapo watu wanaoingia msituni na magunia kuchuma kitu ambacho wapita njia wengi hawakioni hata wakikikanyaga: likeni, zile nyuzinyuzi zinazoning'inia kwenye matawi na kutambaa juu ya mawe mfano wa ndevu za mzee. Huichuma kwa mkono, konzi baada ya konzi, wakaitoa vijiti na takataka, kisha wakaihifadhi. Chakula hicho si chao. Ni cha karibuu wenye mimba, majike waliokamatwa mwishoni mwa majira ya baridi na kuwekwa ndani ya uzio mlimani hadi wazae, na ndama wao wapate miguu ya kukimbia.

Karibuu, kwa asiyemjua, ni mnyama wa kwato mwenye manyoya mazito na pembe za matawi, na kwao hata jike huota pembe. (Naliandika jina lake kwa u mbili ili lisigongane na karibu yetu ya kumpokea mgeni.) Wale wanaofugwa Skandinavia na kuvuta sleji juu ya theluji ni wa aina hiyohiyo. Ndiye aliyechorwa kwenye sarafu ya senti 25 ya Kanada, kwa hiyo ndugu yako aliyeko Toronto au Calgary huenda anamtia mfukoni kila siku bila kuwahi kumwona porini.

Hali yake ni mbaya. Kundi la Bathurst, linalohama kati ya msitu na tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, huko Northwest Territories na Nunavut kaskazini mwa Kanada, lilikadiriwa kuwa na karibuu 470,000 hivi mwaka 1986. Mwaka 2018 walikuwa 8,200. Mwaka 2021 wakawa 6,200 na ushei. Kundi la George River, upande wa Quebec na Labrador, lilifika takriban 800,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hesabu ya 2018 ikakuta 5,500. Kuporomoka huko kumetokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Kijana aliyefundishwa na babake kuchuna karibuu wa Bathurst leo ni mtu wa makamo, na wanawe hawajapata kumtia kisu mnyama huyo.

Katika miaka hiyohiyo, usemi mmoja umepanda hadhi: kushirikishana maarifa. Mipango ya serikali za Kanada kuhusu karibuu siku hizi hutaja maarifa asilia ya wenyeji sambamba na sayansi. Lipo hata jukwaa la kitaifa kwa karibuu wa msituni, National Boreal Caribou Knowledge Consortium, linalokutanisha serikali, wenyeji, watafiti na makampuni. Nayaunga mkono yote hayo. Lakini nina hoja ambayo naona inasemwa kwa sauti ndogo mno: maarifa ya mwenyeji hayafanyi kazi yakiondolewa mikononi mwake. Hayabebeki kama mchanga wa kujengea, uchote hapa ukamwage kule. Huja pamoja na mtu aliyeyapata, na uwezo wake wa kusema hapana, na kazi ya kila siku inayoyaweka hai. Ukichukua maneno ukamwacha mtu, unaweza kuharibu hata kwa nia njema kabisa.

Mfano wa nia njema uko Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Wazee wa Wagwich'in, wenyeji wa huko, wana kanuni ya zamani kuhusu kundi la Porcupine, ambao wao huwaita vadzaih. Kundi linapoanza kuhama, wale wa kwanza waachwe wapite. Usiwapige viongozi, maana nyuma yao wengine wanafuata njia hiyohiyo. Ukiwatawanya wa mbele, hujui wa nyuma watapitia wapi. Ilipojengwa barabara ya Dempster, iliyofunguliwa mwaka 1979 na kukata njia ya uhamaji, wawindaji walipata mahali pa kuwafikia karibuu kwa gari. Wazee wakawa na wasiwasi, wakakumbusha kanuni. Serikali ikawasikia, na hapa ndipo msomaji atadhani hadithi imeisha vizuri. Kanuni ikageuzwa kuwa amri ya serikali: viongozi wa kundi wakikaribia barabara, uwindaji ufungwe kwa siku kadhaa.

Ilizua mabishano, wengine hawakuitii, na mwishowe ikawekwa kando. Kwa nini? Kwa sababu kilichokuwa somo la mzee kwa mjukuu kilifika kikiwa kimevaa sare. Mzee anaposema "waache wapite", anamfundisha kijana kutazama: nani anaongoza, upepo unatoka wapi, kundi limetulia au lina wasiwasi. Anajua pia lini kanuni hiyo hailazimu, kwa mfano pale kaya ina njaa. Askari wa wanyamapori hana nafasi ya hayo yote. Ana tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua. Vijana ambao hawakuwahi kukaa na mzee waliiona kama katazo lingine la serikali, na wawindaji wengine wakauliza serikali inapata wapi haki ya kutumia neno la wazee kuwabana. Kanuni ilikuwa ya kweli, ila iling'olewa na mizizi yake ikabaki ardhini.

Nimelikawilia jambo hili kwa sababu ndilo kosa ambalo watu wema hulifanya. Kosa la watu wasiojali ni jepesi kulitambua, na tunalo mfano wake hukohuko Kanada.

Rudi British Columbia, kwa watu wa West Moberly na Saulteau, wale wachuma likeni. Wazee wao wanasimulia kwamba zamani karibuu walikuwa wengi kama wadudu juu ya ardhi. Kisha katika miaka ya 1960 likajengwa bwawa la W.A.C. Bennett, maji yakafunika bonde na kuzaa ziwa la Williston, na njia ya karibuu ikakatika. Baadaye wakaja wakata miti, wachimba makaa ya mawe, watafuta gesi. West Moberly waliona kundi linapungua wakaacha kumwinda karibuu wenyewe tangu miaka ya 1970. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa na haki ya kuwinda kwa Mkataba wa 8 wa mwaka 1899, kati ya wenyeji na serikali, na wakaiweka kando haki yao kwa ajili ya mnyama.

Mwaka 2009 serikali ya jimbo iliruhusu kampuni ya makaa ya mawe kufanya utafutaji katika makazi ya kundi dogo liitwalo Burnt Pine. Walikuwa wamebaki karibuu 11. West Moberly walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 jaji akakubali kwamba hawakushauriwa ipasavyo. Mahakama ya rufaa nayo mwaka 2011 ikasimama upande wao katika jambo hilo la msingi. Walishinda kesi. Kundi la Burnt Pine halikupona, limetoweka. Maarifa yalikuwepo, yalitamkwa, yaliandikwa, yalifikishwa hadi mbele ya jaji. Kilichokosekana ni uwezo wa kusema simameni kabla tingatinga halijawashwa.

Kwa hiyo watu hawa hawakusubiri tena. Kundi jirani la Klinse-Za lilikuwa na karibuu 38 mwaka 2013. Mwaka 2014 wakajenga uzio wa uzazi. Ni kitambaa kizito cheusi kilichozungushiwa nyaya za umeme, ndani yake majike wachache, nje yake walinzi kutoka jamii zenyewe wanaokaa mlimani usiku na mchana. Hapo ndipo unapoona kushirikishana kwa kweli. Wanabayolojia huleta helikopta, vipimo vya damu na mikanda ya shingoni inayorusha mawimbi. Wanajamii huleta likeni, kujua mlima, na miezi ya kukaa macho. Mlinzi anayemtazama jike mmoja kila siku hujua mapema kuliko mtambo kwamba leo hali chakula vizuri.

Uzio peke yake haungetosha, na ni vema kueleza sababu, maana wengi hudhani karibuu wanamalizwa na bunduki. Karibuu wa milimani na wa msituni huishi kwa kujitenga. Hukaa kwenye msitu mkongwe wenye likeni, mahali ambapo mnyama mwingine hapati cha kula, na kwa hiyo mbwa mwitu hana cha kumpeleka huko. Ukikata msitu huo, huota vichaka vichanga. Vichaka huleta musi, yule mnyama mkubwa jamaa ya karibuu. Musi huleta mbwa mwitu. Na mbwa mwitu akifika humkuta karibuu, aliye mwepesi zaidi kumwangusha. Ile mikuza mirefu iliyofyekwa kutafuta mafuta na gesi humpa mbwa mwitu barabara. Ndiyo maana mpango wa Klinse-Za ulihusisha pia kupunguza mbwa mwitu, kazi ambayo wategaji wa jamii hizo walishiriki. Si jambo la kufurahia, na sidhani kuna anayelifurahia. Ni gharama ya misitu iliyokwisha kukatwa, na anayeilipa ni mbwa mwitu ambaye hakukata mti wowote.

Mwaka 2021 karibuu wa Klinse-Za walifika 101. Katikati ya safari hiyo, Februari 2020, West Moberly na Saulteau walitia saini mkataba na serikali ya Kanada na ya jimbo, unaolinda eneo la takriban kilomita za mraba 8,000 na kuwapa jamii hizo kiti mezani, kiti cha kuamua. Kabla ya kutiwa saini palikuwa na makelele mengi katika miji ya jirani. Watu waliogopa kupoteza ajira za misitu na njia za pikipiki za theluji, na baadhi yao walitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya wenyeji. Hofu ya ajira naielewa na inastahili jibu la heshima. Ubaguzi haustahili. Kwa vyovyote, mkataba ulisimama, na ndio unaotenganisha Klinse-Za na Burnt Pine: milima ni ileile, wazee ni walewale, maarifa ni yaleyale, lakini safari hii neno la mwenyeji lilikuwa na uzito wa kisheria kabla ya uharibifu.

Atakayejibu kwamba hifadhi za taifa zingetosha kulinda mnyama, atazame Banff. Ni hifadhi ya kwanza ya taifa ya Kanada. Mwaka 2009 karibuu watano wa mwisho wa kundi la Banff walikutwa wamekufa chini ya poromoko la theluji. Katika hifadhi jirani ya Jasper, iliyoanzishwa 1907 na ambayo familia za Wametis, watu wa asili ya wenyeji na Wazungu, zilihamishwa kuipisha, kundi la Maligne nalo limetoweka. Msomaji wa Tanzania anayeijua historia ya Wamaasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959 anaufahamu uhifadhi wa namna hiyo, wa kumwondoa mtu ili mnyama abaki. Serengeti nyumbu wangali wengi. Banff hata mnyama hakubaki.

Kuna aina nyingine ya maarifa ambayo mimi, kama mtu ninayeishi kwa maneno, inanigusa zaidi. Kwa Wadene wa Sahtú, kando ya Mto Mackenzie na Ziwa Kuu la Dubu, hakuna neno moja la karibuu. Wa tundra ni ɂekwę́. Wa msituni ni tǫdzı. Wa milimani ni shúhta ɂepę́. Kwao hao ni wanyama tofauti kwa tabia, kwa nyayo, kwa namna wanavyokimbia wakishtuka. Sisi tunaotofautisha mpunga, mchele na wali hatuhitaji kushawishiwa: mwenye neno moja kwa vyote vitatu hajui kwamba shambani, dukani na sahanini pana kazi tatu. Watafiti walikaa na wazee, wakajifunza majina, huku wanajamii wakikusanya kinyesi cha karibuu kwenye theluji ili vinasaba vipimwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba vinasaba viliafikiana na majina. Kazi hiyo waliipa jina la Kidene, łeghágots'enetę, yaani kujifunza pamoja.

Hapa naweka angalizo. Kuna namna ya kuisoma habari hiyo ambayo inanikera: "sayansi imethibitisha kwamba wazee walikuwa sahihi." Kana kwamba wazee walikuwa wakisubiri mtihani usahihishwe. Watu wamekula, wamevaa na wamelala juu ya ngozi za wanyama hao kwa maelfu ya miaka. Kama wangekosea kuwatofautisha wasingekuwepo wa kuhojiwa. Faida ya vinasaba ni kuongeza kile ambacho jicho halikioni, kama ukaribu wa damu kati ya makundi yaliyo mbalimbali. Ni nyongeza ya thamani. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maabara haijalala kwenye kitanda hiki.

Wazee pia wana kumbukumbu ndefu kuliko takwimu. Wainuit wa kusini mwa kisiwa cha Baffin waliwaeleza watafiti kwamba karibuu wao huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miongo mingi, takriban umri wa mtu mzima. Hesabu zinazofanywa kutoka angani kwa eropleni zina umri wa miongo michache tu na haziwezi kuona duara hilo zima. Na karibuu wa Qamanirjuaq, magharibi mwa Ghuba ya Hudson, walipodaiwa kukaribia kwisha mwishoni mwa miaka ya 1970, wawindaji walisema wamehama, hawajafa. Hesabu zilizofuata ziliwakuta wengi kuliko ilivyohofiwa. Ugomvi ule ndio uliozaa mwaka 1982 bodi ya pamoja ya Beverly na Qamanirjuaq, ambayo wajumbe wake wengi hutoka vijijini, na iko hai hadi leo.

Sasa niseme lisilonipendeza. Kushirikishana maarifa hakuponyi kila kitu. Kundi la Bathurst ndilo ushahidi. Watu wa Tłı̨chǫ, wenyeji wa Northwest Territories waliopata serikali yao wenyewe kwa mkataba ulioanza kutumika 2005, walianzisha mwaka 2016 mpango wa ufuatiliaji uitwao Ekwǫ̀ Nàxoèhdee K'è. Kila kiangazi vikundi vya wazee na wawindaji hupiga kambi kando ya ziwa Kokètì, wakatembea kwa miguu, wakakaa kimya juu ya vilima na kutazama. Wanaandika wanachokiona: ndama wangapi wanafuata mama zao, nani anachechemea, nzi wanasumbua kiasi gani, joto limekausha nini, vumbi la migodi limefika wapi. Ni utaratibu wa mwindaji, isipokuwa hakuna risasi. Migodi ya almasi ya Ekati na Diavik imo ndani ya eneo la kundi hilo, na vumbi ambalo kifaa hulipima kwa gramu, mzee hulipima kwa karibuu anayenusa jani na kuliacha.

Kazi hiyo ni nzuri kupita kiasi. Watu wa Tłı̨chǫ pia wamekubali kutowinda kabisa ndani ya eneo la kundi, eneo linalohamishwa ramani kadiri wanyama wanavyosogea, ingawa ekwǫ̀, yaani karibuu kwa lugha yao, ndiye chakula chao, nguo zao na hadithi zao. Hata hivyo kundi halijainuka. Mtu anaweza kusema basi maarifa hayakusaidia. Mimi naona tofauti: mwindaji ametoa kila alichoweza kutoa, na aliyebaki hajatoa chake ni mwingine. Mabadiliko ya tabianchi hayaamuliwi Kokètì. Barabara na migodi mipya huamuliwa kwa sehemu kubwa mahali pengine. Mwenyeji akipewa uamuzi juu ya bunduki yake tu, asipewe uamuzi juu ya barabara, atafunga bunduki na kundi litazidi kupungua, kisha ataulizwa kwa nini maarifa yake hayakufaa.

Linabaki suala la nani anashika daftari. Eneo la kuzalia karibuu likiwekwa kwenye ramani ya wazi, anaweza kulitumia mhifadhi na anaweza kulitumia mtafuta madini. Mataifa ya Kwanza ya Kanada, yaani jamii za wenyeji, yalitunga mwaka 1998 kanuni nne kuhusu data zao: kuzimiliki, kuzidhibiti, kuzifikia, na kuzishika mikononi mwao. Watafiti wengine huziona kama kikwazo. Mimi naziona kama mlango wenye komeo, na mwenye nyumba akiwa na funguo hufungua kwa moyo mweupe zaidi. Huko Ungava, upande uleule wa Quebec na Labrador, Wainuit, Wainnu, Wacree na Wanaskapi walikutana mwaka 2013 wakaunda meza yao ya pamoja kwa ajili ya kundi la George River na makundi jirani, bila serikali kuwa mwenyekiti. Hawakuwa na msimamo mmoja kuhusu kusitisha uwindaji, na bado tofauti zipo. Lakini walipozungumza wao kwa wao kwanza, waliweza kuambizana mambo ambayo kila mmoja alikuwa akiyaficha mbele ya maofisa. Mwaka 2017 wakatoa mkakati wao.

Narudi Klinse-Za mwishoni kwa sababu kuna swali ambalo sasa hivi liko mezani. Sheria ya Kanada ya viumbe walio hatarini inauliza kama karibuu wataendelea kuwepo. West Moberly na Saulteau wanauliza kama wataweza tena kumwinda na kumla, kama mkataba wa 1899 ulivyowaahidi. Namba za maswali hayo mawili ziko mbali sana. Karibuu 101 waliohesabiwa 2021 wanaweza kutosha kumtoa mnyama kwenye ukingo wa kaburi, lakini ukigawa nyama yao kwa jamii mbili hata karamu moja haifiki, na wazee waliowaona wengi kama wadudu wanazidi kupungua nao. Wakati huohuo uzio hufunguliwa kila kiangazi, majike wakatoka na ndama wao kwenda mlimani, na wachuma likeni hurudi msituni na magunia.